Kadi za Mwalimu

14 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani yako nayo nzima, maana ikiugua hiyo nyumba yote inalala. Sisi huku hatujambo. Wifi yako wamemhamishia kaunta ya karibu na dirisha pale posta, amefurahi kama aliyepandishwa cheo. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Mdogo aling'oka jino la mbele akalimeza, akalia mchana kutwa akisema litamng'ata tumboni.

Ukurasa wa Mama nimeutenga kama kawaida, ule wa karatasi nene. Uliniambia akipigiwa simu, chai haijapoa keshasahau kwamba tumeongea, lakini barua anaisoma kila siku na kila siku kwake imefika leo. Basi nitaandika mpaka mkono uote sugu. Na wewe naona nikuandikie vilevile. Kwenye simu huwa unakata uzi kwa meno huku unaongea, sisikii kitu.

Mwaka umeanza nami nimeupanga. Usicheke. Naamka kabla ya wote, nasoma, na kila kitabu nikikimaliza nakikamua: wazo moja, kadi moja, kila kadi na kisanduku chake. Ofisini wameniongezea semina za kufundisha watumishi namna ya kupanga siku na fikra zao. Tangu msiba ule sijakaa hata siku moja bila kitabu. Rafu zimejaa, vingine viko chini ya kitanda, na wifi yako anasema siku akijikwaa akafa, niwaambie watu ameuawa na elimu. Nikifunga kimoja nafungua kingine hapohapo, kile kikaratasi changu cha kuwekea alama hakilali nje. Kimelegea kama kitambaa. Watoto walinitengenezea kingine cha kadibodi chenye kamba nyekundu, nikawashukuru, nikabaki na changu.

Sasa la kwako. Umeandika kwamba Mama anakuuliza mambo yaleyale tangu asubuhi, na sare za shule zimekujaa mpaka kwenye viti. Dada, swali linalorudi halijibiwi kwa mdomo. Linaandikwa mara moja, linabandikwa mahali linapozaliwa, basi. Mama amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, kitu kilichoandikwa anakiheshimu kuliko mtu. Nimekutumia pakiti ya kadi nyeupe. Andika ufupi, andika kweli, usipambe. Utaona kichwa kitakavyopumua, chake na chako.

Kuja sijui lini. Semina zimebanana.

Mdogo wako

&nbsp;

3 Februari

Bwana Ratiba,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu ambao siku hizi unaongea kuliko mimi. Mpe pole mdogo, mwambie shangazi amesema jino halina pa kushikia huko tumboni, atulie. Wifi nampongeza kwa dirisha lake.

Kadi zimefika. Nilipozifungua nilisema, huyu mtu kweli ni mgonjwa, anamtumia dada yake karatasi tupu kwa posta. Sasa nameza maneno yangu. Kwenye jiko nimeandika "Umeshazima." Kwenye mlango wa nyuma, "Kuku tuliuza." Kwenye kabati, "Miwani iko kichwani." Hiyo ya miwani, ndugu yangu, ilinivunja mbavu: alisoma kwa kukaza macho, akapapasa kichwani, akanigeukia kwa ukali, "Nani kaiweka huku?"

Na unajua amefanya nini? Ametafuta kalamu yake nyekundu. Kila kadi anayokubaliana nayo anaipiga alama ya vyema, kubwa, na mkia mrefu ule wa daftari zetu za zamani. Ya jikoni imejaa vyema mpaka nimebadilisha kadi. Amenyooka mgongo, anazunguka nyumba kama anakagua darasa. Majirani wameanza tena kumwita Mwalimu dirishani, naye anawajibu. Nami nimemaliza sare za shule ile ya juu, na vifungo vyake vyote, bila kuinuka kila dakika. Haya, umeshinda, jisifu. Nimekupa.

Limebaki swali moja tu, lile la asubuhi akikaa kwenye meza ya chai. "Mzee yuko wapi?" Nimekuwa nikilikwepa kwa kujitia shughuli. Nalo jana nimeliandikia kadi. Nimefuata maneno yako, ufupi na kweli: "Mzee alifariki mwaka juzi. Tulimzika. Ulikuwepo." Nimeibandika ukutani mbele ya kiti chake. Mkono ulikuwa mzito, lakini wewe ndiye unayejua mambo haya. Nitakueleza.

Wako,
Dada

&nbsp;

22 Februari

Dada yangu,

Shikamoo tena na tena. Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka peke yangu mpaka karani akaja kuchungulia. "Nani kaiweka huku!" Mama huyo. Sisi wazima, mvua tu imetuharibia dari ya sebuleni na fundi anakuja leo, kesho, keshokutwa.

Lazima nikuambie. Wiki iliyopita nilikuwa na semina ya watu wengi, wakuu wa idara na wasaidizi wao. Niliwaeleza habari za kadi, kwamba kuna mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, nyumba yake imepangwa upya na binti yake kwa kadi nyeupe tu, na sasa anatembea mgongo wima. Sikusema ni nani. Dada, walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Baadaye walinifuata kuuliza kadi za ukubwa gani, za rangi gani.

Umefanya vizuri pia kulimaliza lile la mwisho. Jambo likishaandikwa halikukimbizi tena. Mimi mwenyewe nimeongeza kasi: zamani kitabu kilinichukua wiki, sasa siku mbili tatu. Nimejifunza kupitia sura bila kusimama kila mahali. Kinachobaki ni kuchambua, na visanduku vimenijaa. Nitamwomba fundi wa dari aniongezee rafu akija, kama anakuja.

Niandikie kadi ngapi zinatumika na zipi zimepata vyema nyingi. Ningependa kuyatumia majibu yako kwenye semina ya mwezi ujao.

Mdogo wako

&nbsp;

7 Machi

Ndugu yangu,

Salamu zote. Sisi hatujambo, nasema hivyo kwa sababu barua lazima ianze namna hiyo.

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikashona, nikaisoma tena. Ati walipiga makofi.

Sikiliza nikueleze. Asubuhi ile ya kwanza Mama alikaa kwenye kiti chake, akavaa miwani, akasoma kadi. Akasema kwa sauti ndogo, "Lini?" Nikamwambia. "Mbona hamkuniambia?" Nikamwambia, Mama, ulikuwepo, ulivaa gauni la kijivu nililokushonea mwenyewe. Akalia, na namna alivyolia nisingependa uisikie. Alilia mpaka adhuhuri. Jioni alikuwa haelewi kwa nini macho yamemvimba, akaniomba dawa ya mafua. Nikajisemea, sawa, ndiyo imeisha, amelia amemaliza.

Kesho yake akakaa kwenye kiti, akavaa miwani, akasoma. "Lini?"

Umenielewa? Kila siku. Mimi mtoto wake wa kumzaa nimemfanya mjane mpya kila siku kabla ya chai. Siku ya nne alichukua kalamu nyekundu, akaipiga kadi ile alama ya kosa, mistari miwili iliyokatana, mpaka karatasi ikachanika. Akaniambia kwa upole kabisa, "Hapa umekosea, mwanangu. Rudia." Nikaibandua. Nikaitia motoni.

Lakini bila kadi mambo ni mabaya vilevile. Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi asubuhi kutoka kiwanda cha mikate, nywele zina unga na mkate wa moto kwapani? Mama hakuwahi kugusa chai kabla yake. Basi sasa anamngoja. Chai inapoa, naipasha, inapoa. Mchana naleta chakula, anakisukuma, kwake bado ni asubuhi na mwenye nyumba hajarudi. Nikimwambia Baba kachelewa, ule tu, ananikata jicho: "Wewe unajua nini habari za mume wangu?" Nikaandika kadi, "Baba amesema ule." Nayo akaipiga kosa. Ule ni mwandiko wangu, anaujua, yeye ndiye aliyenifundisha. "Usimsemee baba yako," akasema.

Daktari amempima, hakuona ugonjwa mwingine. Amesema ale. Asante daktari.

Nakuomba kitu kimoja. Mwandiko wako na wa Baba ni uleule, tangu shuleni watu walikuwa wanashangaa. Mwandikie kadi ya Baba. Kwamba katoka, kwamba asimsubiri. Kisha uje, hata kwa siku mbili. Nimechoka, mdogo wangu. Mimi sichoki ovyo na unajua.

Dada

&nbsp;

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Fundi alikuja hatimaye, nyumba ikawa vumbi tupu, kisha watoto wakapata homa, kisha mitihani. Sasa wote wazima. Wifi yako anauliza hali ya Mama kila siku.

Nimelifikiria ombi lako kwa makini. Dada, siwezi kuandika kitu ambacho si kweli kisha nikakibandika mbele ya Mama. Kadi zote zile zinafanya kazi kwa sababu ni za kweli. Siku kadi moja ya uongo ikiingia, ataacha kuamini hata ya jiko, na hapo nyumba itaungua. Pia kuiga mwandiko wa mtu ni kughushi, hata ukiita jina gani.

Nimefanya utafiti badala yake. Nimekununulia vitabu viwili vya malezi ya wazee wanaosahau, vimo kwenye kifurushi hiki. Najua huna muda wa kusoma, kwa hiyo nimevifupisha kwenye kadi, zimefungwa kwa mpira kwa mpangilio wa sura. Angalia hasa zile za chakula: apewe kidogo kidogo, sahani iwe ya rangi moja, redio izimwe. Ukifuata utaratibu kwa wiki tatu bila kuruka, utaona.

Kuja kwa sasa ni vigumu. Nina semina mfululizo mpaka mwisho wa Mei na sioni wa kunishikia. Najua unavyojisikia.

Mdogo wako

&nbsp;

10 Aprili

Bwana Ratiba,

Hujui ninavyojisikia.

Vitabu vyako vimenifikia. Kimoja nimekiweka chini ya mguu wa meza ya kukatia vitambaa, ilikuwa inayumba. Sahani ni ya rangi moja tangu tuzaliwe, nyumba hii haijawahi kuwa na sahani za rangi mbili. Redio ilikufa zamani.

Gauni la kijivu nimelipunguza ubavuni mwezi uliopita. Jana nimelipunguza tena. Mimi ni fundi, sihitaji mizani ya daktari, mikono yangu inajua kitambaa kimebaki kiasi gani na mama yangu amebaki kiasi gani. Nilikuwa nashika pini mdomoni huku nampima, naye ananiuliza, "Hili unamshonea nani? Mbona la mtoto?" Nikainama nikachoma pini nyingine.

Unaniambia kweli, kweli. Haya, nami nikuulize ya kweli. Nimezitoa barua zako zote tangu mazishi, ziko hapa kwenye meza ya kukatia. Nimezisoma moja baada ya nyingine. Umeandika habari za vitabu, visanduku, dari, jino. Hakuna hata barua moja uliyoandika neno "Baba." Hata moja! Unaandika "msiba ule." Unaandika "lile la mwisho." Uliondoka asubuhi ya pili baada ya mazishi ukasema kazi imekungoja, na tangu hapo kazi haijaacha kukungoja. Mama anasahau kwa sababu anaumwa. Wewe je?

Sitaki kitabu, sitaki kadi za mpira. Niandikie kama mtu au usiandike.

Dada

&nbsp;

2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Wote wazima. Sijui nianzie wapi, na mimi ndiye ninayelipwa kuwafundisha watu pa kuanzia.

Barua yako ilifika Jumatatu nikaitia mfukoni bila kuifungua. Niliifungua Jumatano, chooni ofisini, kama mtoto aliyeficha ripoti ya shule. Siku ileile nilikuwa na semina. Mwishoni mama mmoja wa masijala, aliyekaa mbele, aliniuliza kwa nia njema tu: kati ya vyote ulivyosoma, ni kipi kilichokukaa moyoni? Dada, nilifungua mdomo. Hakikuja kitu. Si jina la kitabu, si sentensi, si rangi ya jalada. Nikafungua kisanduku mbele ya watu wote, nikasoma kadi moja, ya pili, ya tatu. Ni mwandiko wangu lakini kama nimeokota za mtu mwingine barabarani. Nikawaambia tuishie hapo. Waliondoka wakinong'onezana juu yangu, na hawakukosea.

Niliporudi nyumbani nilikaa mezani nikajaribu kuandika kadi uliyoniomba. Ndiyo, mimi wa kughushi. Niliandika neno moja tu, "nimetoka," na herufi zikaja zenyewe: ile "t" isiyofungwa vizuri, ile "k" iliyolala. Nilimwona Baba anatoka kwenye kalamu yangu. Nikaogopa, Dada. Nikaichana karatasi, nikavuta kitabu nisome, maana ndivyo nifanyavyo nikiogopa. Nikakifungua pale penye alama.

Lazima nikuambie habari za kile kikaratasi. Unajua Baba, siku kiwandani mkate ulipokuwa mwingi na anajua hatarudi mapema, alikuwa anamwachia Mama ujumbe kwenye kisahani, chini ya kikombe. Anachana karatasi ya kufungia mikate, anaandika kwa penseli ile ya sikioni. Siku tuliyorudi kutoka makaburini, watu wamejaa sebuleni, nilikwenda kabatini kutafuta vikombe vya wageni. Kimoja kilikuwa na karatasi ndani. Sijui ni ya mwaka gani. Nikaitia kwenye kitabu nilichokuja nacho, isipotee. Asubuhi nikaondoka.

Ndicho hicho. Ndicho watoto wanachotaka nikitupe. Kila nilipomaliza kitabu kilibaki mkononi, na nikikishika mkononi bila kitabu nakisoma, na nikikisoma najua hatatoka tena kwenda popote. Kwa hiyo lazima kiwe na kitabu kingine cha kuingia, haraka. Nimesoma hivyo miaka yote hii miwili. Watu wananisifu kwa bidii yangu.

Uliponiomba kadi ya Baba nilikuwa nayo. Nilijua ninayo. Nilikuandikia habari za kweli na uongo kwa sababu sikutaka kukitoa. Mama amepunguziwa gauni mara mbili nami nimekaa juu ya chakula chake.

Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya hii bahasha, kati ya kadi mbili isikunjike. Penseli imefifia lakini inasomeka. Iweke kwenye kisahani, chini ya kikombe, upande wa mkono wake wa kulia, kama alivyokuwa akiiweka Baba.

Baba. Nimeandika.

Semina ya mwisho ni Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Jumamosi napanda basi. Sijapanga nitakaa siku ngapi.

Mdogo wako

&nbsp;

16 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine za zile barua ambazo sikukuitikia. Salimia wifi, na watoto, na fundi wa dari kama bado mnamwona.

Ilifika Jumanne ya wiki iliyopita. Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni, tarishi akiwa bado hajageuza baiskeli. Kile kikaratasi sikukifungua haraka. Nilinawa mikono kwanza. Nilipouona mwandiko, "Mwalimu, nimetoka. Usiningoje. Kula," nilikaa chini palepale kizingitini. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akimwita Mwalimu hata wakiwa wawili tu.

Asubuhi nikafanya ulivyosema. Akaja, akakaa. "Mzee yuko wapi?" Nikajifanya napanga pini. Akainua kikombe, akaiona. Akavaa miwani.

Aliisoma kwa muda mrefu, ndugu yangu, mpaka nikajuta, nikasema tumemuua. Kisha akapiga ulimi. "Huyu mwanamume!" akasema. "Siku zote hivyohivyo. Hata kuaga hajui." Akachukua kalamu nyekundu, akaipiga vyema yenye mkia mpaka pembeni, akaivuta sahani. Akala. Alikula mkate wote, akauliza kama kuna mwingine, akanikemea kwa nini natumbua macho kama sijawahi kuona mtu anakula. Nilitoka uani nikasimama nyuma ya shuka zilizoanikwa, nikalia mpaka zikawa na haja ya kufuliwa tena.

Kesho yake ikawa mpya. Na kesho yake. Kila siku imefika leo, na kila siku anamlaumu, na kila siku anakula. Nimeishonea kimfuko cha plastiki, jioni nazifuta zile vyema za siku, isipokuwa ya kwanza iliyoingia kwenye karatasi yenyewe. Mchana nikimpelekea chakula naiweka tena, anakula tena. Gauni bado sijaligusa, lakini jana alilalamika linambana kwapani, nikamwambia vizuri sana.

Chumba chako nimetoa vitambaa. Godoro nimeliweka juani. Usije na kitabu.

Limebaki jambo moja nami sijui nilifanyeje. Tangu Alhamisi ya wiki hiyohiyo, akimaliza kula anavuta kadi moja kutoka ile pakiti uliyotuma, anaandika, anaiweka chini ya kikombe kilichokwisha, ananiambia, "Akirudi mzee mpe." Naitikia. Siwezi kuzitupa. Ninazo kwenye bati la vifungo, na mwenyewe wa kuzipokea hayupo.

Moja nimekutilia humu. Barua hii itakukuta kabla ya basi lako. Kitabu ulichokiacha katikati kimebaki hakina alama, tumia hii. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi moja moja ili hata mtoto wa darasa la kwanza aweze kusoma:

"Nimekula."

Dada yako